Sista wa Wadi ya Wanaume

Hospitali, Tanga
3 Mei 1956

Mama Elizabeti,

Salamu zikufikie wewe, mtoto na mama. Usishtuke kuona mwandiko si wangu. Mkono wa kulia umeumia kidogo kule shambani, kwenye korona, ile mashine inayomenya majani ya mkonge. Nilikuwa nalisha majani, jani likanasa, nami nikanasa nalo. Wamenileta hapa Tanga kwa gari la shamba. Nimetibiwa, nimefungwa bendeji, nakula na kulala. Sista ndiye ananiandikia haya. Mimi nasema tu.

Usije. Masika yameharibu njia, na mama hawezi kubaki peke yake na mtoto. Nitakuja mwenyewe nikipona. Mwambie Kristofa katekista aniombee. Maharage yakikauka usiyaweke sakafuni, kuna panya. Yule mbuzi wa pembe moja asiuzwe.

Ni mimi mumeo,
Rafaeli


Gare Misheni, Lushoto
13 Mei 1956

Baba Elizabeti,

Nilipoona mwandiko mgeni juu ya bahasha nilikaa chini kwanza, ndipo nikafungua. Namshukuru Mungu u hai. Ila nisamehe, jambo la pili lililonijia moyoni lilikuwa hili: Sista ni nani? Nilimkimbilia Kristofa na barua mkononi. Akacheka, akasema, "Mama Elizabeti, sista ni mtawa. Ni kama wale wa hapa misheni, isipokuwa yeye kazi yake ni wagonjwa." Basi moyo ukatulia. Heri mume wangu yuko mikononi mwa bibi arusi wa Kristo kuliko mikononi mwa mtu mwingine.

Msalimie sana. Mwambie mwandiko wake ni mzuri, na siku nikija nitamletea viazi vya huku kwetu. Mwambie amwombee na mama, magoti yanamsumbua.

Lakini hukusema mkono umeumia wapi. Vidole? Kiganja? Mfupa? Elizabeti amejifunga kitambaa mkononi mwake, anasema naye ni mgonjwa wa Tanga. Mbuzi yupo. Maharage nimeyatundika.

Mkeo,
Praxeda


Hospitali, Tanga
24 Mei 1956

Mpenzi wangu Praxeda,

Barua yako imenifikia kama maji kwa mwenye kiu. Nimeisoma hata nimeihifadhi, kisha nimeiweka chini ya mto ili nilale nayo. Usiku huku upepo wa bahari hugonga madirisha, nami nikiwa katikati ya usingizi hudhani ni wewe unanigongea. Huinuka nikufungulie, nikakuta ni upepo tu. Siku nitakayokuona wewe, hapo ndipo nitakuwa nimepona.

Mkono unaendelea vizuri, usiuulize sana. Chakula hakinishindi, kwa kuwa Sista Kazija huniletea mchuzi wa samaki na mkate wa kumimina kutoka kwake Makorora. Alipoisoma sehemu ya viazi alicheka sana, anasema anavingoja.

Nitunzie moyo wako, kwani wangu unao wewe.

Wako wa daima,
Rafaeli


Gare Misheni, Lushoto
3 Juni 1956

Rafaeli,

Leo sikuiti Baba Elizabeti, maana sijui naandikia nani.

"Mpenzi wangu Praxeda." Tangu unioe hujanitaja jina ila siku ile mbele ya padri, na hapo ulilazimishwa. Na hilo mpenzi ndilo sijalisikia kabisa. Ulipokuja kwetu kuposa ulisimama mlangoni, kofia mkononi, ukasema, "Mama amenituma." Hayo ndiyo maneno yako yote ya mapenzi tangu tujuane, nami niliridhika nayo. Leo upepo wa bahari unakugongea madirisha! Nani amekufundisha upepo?

Halafu Kazija. Nililisoma jina hilo, nikalisoma tena nikiwa nje kwenye mwanga. Nikaenda kwa Kristofa nikamwuliza kama yuko mtawa anayeitwa Kazija. Akakuna kichwa, akasema, "Labda ni jina lake la kabla ya nadhiri." Mzee Ernesti alikuwa hapo barazani anashona viatu, unamjua alivyo tangu arudi vitani Burma. Alicheka mpaka sindano ikamchoma.

"Binti yangu," akasema, "hilo ni jina la Kiislamu. Sista wa hospitali si mtawa, ni nesi. Kule Burma sista akiingia wadini na kofia yake nyeupe, hata mwenye risasi tumboni alikuwa anachana nywele."

Kristofa akamkanya. Mimi nikaondoka hapo nikaenda kwa mwalimu wa shule, kwa kuwa yeye Kiingereza amekisoma chenyewe. Akasema sista ni dada, mtoto wa mama yako. Basi nimekaa na neno lako jikoni nikiligeuza kama kiazi motoni. Mtawa, nesi, dada. Wanawake watatu ndani ya neno moja, na mume wangu hakuona haja ya kuniambia ni yupi. Dada huna, mama yako alizaa wanaume watupu. Mtawa siye. Umenibakizia mmoja, na huyo anakuletea mchuzi.

Nami niliyemwomba atuombee!

Sasa nakuuliza: kwa nini nisije? Njia imekauka. Magari ya Mombo yanapita kila siku. Mama ana nguvu za kutosha kumtunza mtoto, yeye ndiye ananiambia niende. Ni wewe tu usiyetaka.

Nataka jambo moja. Andika kwa mkono wako wewe. Barua sitaki. Andika jina langu tu, Praxeda, maadamu sasa umelijua. Ulisema mkono umeumia kidogo, na mwezi umepita. Mkono ulioumia kidogo unaweza kushika kalamu. Usipoandika, nitakuwa nimejibiwa.

Praxeda


Hospitali, Tanga
9 Juni 1956

Mama Elizabeti,

Sitaandika kwa mkono wangu. Usiniulize tena. Sista ni mtu anayenitunza, basi. Ukitaka kuamini amini, ukitaka kuacha acha. Mbuzi uza ukitaka.

Rafaeli

Shemeji, mimi niandikaye ni Mwinyijuma wa Moa, mgonjwa wa mguu, kitanda cha pili kutoka kwa mumeo. Kakataa Sista asimwandikie hii, kanishika mimi, na mwandiko wangu ni huu wa kubahatisha, niwie radhi. Tangu apate barua yako kalala kageukia ukuta. Usimwaze vibaya. Hilo neno sista usilitie moyoni, halina uzito. Huku Tanga vijana wa Ngamiani kila msichana mzuri akipita njiani humwita sista. "Sista, sista, simama kidogo nikwambie!" Ni mzaha wa mjini tu. Na Sista wetu ni mzuri kweli, siwezi kusema uongo, lakini kwa mumeo hana neno. Humlisha tu kwa kijiko kama mtoto. Wasalaam.


Gare Misheni, Lushoto
17 Juni 1956

Kwa Sista Kazija,
Wadi ya Wanaume, Hospitali, Tanga

Sikuamkii, kwa sababu sijui kama wewe ni mkubwa wangu au mdogo wangu. Mimi ni mke wa Rafaeli, mgonjwa wako wa mkono. Jina langu unalijua, umeliandika mwenyewe.

Nimesikia unamlisha kwa kijiko. Mkono wake wa kushoto una nini?

Mimi ni mwanamke wa mlimani. Nalima, mikono yangu ina sugu, kofia nyeupe sina. Mwaka ule Rafaeli alipopata homa ya mapafu nilimkalia macho mpaka kifua kikafunguka, wala hakuna aliyeniita sista kwa hilo. Mume huyu sikumwokota njiani.

Kila mtu hapa amenipa maana yake ya jina lako. Sasa nipe yako wewe. Unanishikia mume kama muuguzi au unanishikia kama mwanamke? Sema kweli. Ukinidanganya, Mungu wako na wangu wanasikia, na mimi nadhani ni mmoja.

Praxeda


Makorora, Tanga
25 Juni 1956

Bismillahi.

Kwa Bibi Praxeda,

Baada ya salamu nyingi zilizojaa haya. Barua yako nimeipata kazini, nikaificha mfukoni, nikaisoma nyumbani mlango umefungwa. Nakujibu bila ya mumeo kujua. Alinikataza jambo moja tu tangu aletwe, na leo nalivunja.

Bibi, mkono haupo. Siku alipofika walimkata chini kidogo ya kiwiko, haukuwa mkono tena wa kuokolewa. Wa kushoto ulichubuka vibaya, nao ukafungwa, ndiyo sababu ya kijiko. Siku hizi anakula mwenyewe. Nilipotaka kuandika habari hii katika barua ya kwanza alinishika nguo kwa meno, wallahi kwa meno, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kunishikia. Akasema, "Andika umeumia kidogo." Anaona haya. Anasema uliolewa na mwanamume mzima, na kaka zako hata hivyo walikuwa hawamtaki. Ulipomwambia aandike jina lako kwa mkono wake, hukujua unachomwomba.

Sasa unaniuliza mimi ni nani. Kwa haki ya kazi mimi si sista. Sista wa wadi yetu ni mama mmoja wa Kizungu, kwao hicho ni cheo, kama vile nyapara kwa wabeba mizigo. Mimi ni nesi. Wagonjwa ndio walionipa jina, nami nililipenda nikaliacha linikae. Kwetu ni Pemba, hapa nilikuja kuolewa. Mume wangu Haji alivuka Horohoro kwenda Mombasa kutafuta kazi, akasema mwezi mmoja tu. Huu ni mwaka wa tatu. Sijapata hata karatasi yenye jina langu.

Sijamtaka mumeo. Ila wivu nimekuonea, na nitakwambia ulivyokuwa. Kila alipoanza, "Mwambie Mama Elizabeti," kitu kilinikata hapa chini ya kifua. Nilikuonea wivu wa kuwa na mtu anayetaka uambiwe jambo, hata likiwa jambo la mbuzi. Basi barua ile ya pili niliiharibu. Ule upepo ni wangu, Bibi. Unagonga dirisha langu mimi, hapa Makorora. Niliandika barua ambayo ningependa kuipokea, nikatia jina lako. Nilipomsomea kabla ya kufunga bahasha, nilimsomea maneno yake mwenyewe kutoka kichwani, nikatuma yangu.

Yake niliyaacha kwa kuwa niliona hayana utamu. Ni haya, kama yalivyotoka kinywani mwake: "Mwambie komeo la mlango wa nyuma limelegea, aegemeze gogo. Mwambie asibebe ndoo mbili, mgongo wake haupendi. Mwambie alale upande wa ukutani na mtoto, upande wa mlangoni ulikuwa wangu."

Nilidhani hayo ni maneno ya fundi. Nisamehe, au usinisamehe. Njoo tu umchukue.

Kazija binti Mbarouk


Gare Misheni, Lushoto
1 Julai 1956

Baba Elizabeti,

Komeo nimelishika, kweli limelegea. Nimeweka gogo. Jana nililala upande wa ukutani.

Nimejua yote. Usimgombeze aliyeniambia, nitamgombeza mimi. Nakuja na gari la Alhamisi. Ukinigeukia ukuta nitazunguka kitanda.

Mkeo,
Praxeda


Gare Misheni, Lushoto
12 Agosti 1956

Kwa Kazija binti Mbarouk,

Neno sista nimeliacha, limenichosha. Nimekutafutia jina jingine la kukuita nimelikosa, basi nakuita lako.

Tulifika salama. Ulivyonionyesha kufunga kidonda ndivyo nilivyofanya, na sasa kimekauka hata bendeji hakitaki. Viazi ulivyokataa kuvipokea mlangoni nilimwachia Mwinyijuma. Kama hakukupa, basi amevila, nami simlaumu.

Nakuandikia kwa kuwa kuna jambo nilitoka nalo Tanga nikalibeba mpaka huku, likazidi uzito wa mizigo. Siku ile pale varandani, ulipokuwa unanifundisha, ulisema kwa wema tu kwamba alipozinduka na kuona mkono umekwenda alilia usiku ule wote, na kwamba ulimshika kichwa mpaka akalala. Ukaendelea na habari za dawa. Mimi sikuisikia dawa hata moja, ilibidi nikuulize upya, wewe ukadhani sielewi Kiswahili chako cha Pemba.

Nilikuonea wivu kuliko wa mchuzi, kuliko wa lile neno "mpenzi wangu" na upepo wake. Mimi Rafaeli sijamwona akilia. Alipomzika baba yake hakulia. Alipokufa mtoto wetu wa kwanza alikwenda shambani akalima mpaka jembe likavunjika. Wewe mgeni ulipewa machozi yake, na mimi nililetewa nyumbani mwanamume aliyekauka, anayesema, "Si kitu, si kitu," na kuingiza mkono uliokatika ndani ya shati mgeni akipita. Nilikuwa nikimtazama usiku namwaza yule aliyeyaona. Nilikuchukia, Kazija. Hata katika misa nilikuchukia, nikashindwa kwenda kukomunika, Kristofa akaniuliza kulikoni nikamwambia tumbo.

Kaka zangu walikuja. Mkubwa alisema hapo hapo mbele yake kwamba niende nao nyumbani, kwamba shamba la mlimani halilimwi kwa mkono mmoja. Nilijua Rafaeli anangoja nami niseme. Nikamwambia kaka, "Huyu ana mmoja, mimi nina miwili, jumla mitatu. Wewe na mkeo mnayo minne na shamba lenu limejaa magugu." Wakaenda zao wamenuna. Nilidhani usiku ule Rafaeli atasema neno. Alisema maharage yamekaribia kupandwa.

Sasa sikiliza habari ya juzi. Elizabeti alikuwa amerudi kutoka kwa bibi yake wa kwetu, amechoka, akamkimbilia baba yake uani akamnyoshea mikono miwili juu ambebe, kama alivyozoea zamani. Tangu turudi alikuwa hajathubutu, nadhani mama mkwe alimkataza. Rafaeli alisimama. Nilikuwa mlangoni na ungo, nikaogopa kusogea. Akainama, akampitishia mkono wa kushoto, na kile kipande cha kulia akakitia chini ya mapaja ya mtoto, akamwinua. Mtoto akalaza kichwa begani, akasema, "Baba, hapa pana joto," akapashika pale palipokatika kama mtu anavyoshika kiwiko cha kawaida.

Alimbeba mpaka ndani, akamlaza, akatoka kwa mlango wa nyuma. Nilimfuata. Alikuwa amekaa kwenye kuni nyuma ya jiko, uso umelowa. Alinisikia, na kwa mara ya kwanza hakujifuta, wala hakusema si kitu. Akasogea kunipisha nikae. Alilia mpaka kuku wakaingia kulala, na kichwa chake kilikuwa hapa begani kwangu. Kanga ilikuwa imelowa chepechepe, nami sikutaka kuivua hata tulipokwenda kulala.

Asubuhi akaniita Praxeda. Mara moja tu, akiomba chumvi.

Mumeo Haji simjui, na sitamsema vibaya mtu nisiyemjua. Nakuombea karatasi yako ije. Isipokuja, hii nayo ina jina lako juu ya bahasha, mwandiko ni wangu mwenyewe, hakuna aliyeniandikia.

Wala usidhani nimekuandikia yote haya ili nikuringie. Kidogo tu.

Praxeda, mke wa Rafaeli